Chembe ya Ubani kwa Kaisari

Masomo ya kusoma nyumbani: Matendo 17:1-9; Warumi 13:1-7; Ufunuo 13 na 18



Ulizo la juma hili ni hili: kwa nini Rumi iliwaua Wakristo? Wengi wetu tunajibu haraka kwamba Warumi walikuwa wapagani, basi hawakumpenda Mungu. Jibu hilo halitoshi. Rumi ilikuwa na miungu mingi sana, na haikuona shida kuongeza mwingine. Walioabudu Isis wa Misri walipata hekalu lao katikati ya mji wa Rumi. Wayahudi walikuwa na ruhusa ya kumwabudu Mungu wao mmoja. Kama Wakristo wangalisema tu kwamba Yesu anaponya wagonjwa na kupeleka roho zetu mbinguni, hakuna liwali angalipoteza siku yake kuwahukumu.

Waliuawa kwa sababu waliposema kwamba Yesu ni Bwana, Rumi ilielewa vizuri walichosema. Sisi tunaolirudia neno hilo mara nyingi katika ibada moja, pengine tumesahau uzito wake. Kwa hiyo tufuate historia hii hatua kwa hatua, na Biblia mkononi.

Kaisari alikuwa na injili yake

Mwaka wa 9 kabla ya Kristo, wakuu wa jimbo la Asia, katika nchi inayoitwa Uturuki leo, walipitisha azimio. Waliamua kwamba mwaka utaanza tarehe 23 Septemba, siku aliyozaliwa Kaisari Augusto. Azimio hilo lilichongwa katika mawe, na jiwe moja lilipatikana katika magofu ya mji wa Priene. Linamwita Augusto mwokozi aliyekomesha vita. Linasema kuzaliwa kwake kulikuwa mwanzo wa habari njema kwa ulimwengu. Neno la Kigiriki lililotumika pale kwa habari njema ni lilelile tunalolitafsiri injili.

Sasa fungueni Luka sura ya 2. Luka anaanza na amri ya Kaisari Augusto: watu wote waandikwe. Kisha anatuonyesha wachungaji wa kondoo usiku, watu ambao hakuna aliyewahesabu kuwa kitu. Malaika anawaletea habari njema. Anamtaja Mwokozi. Anamwita Bwana. Jeshi la mbinguni linatangaza amani. Maneno yote hayo yalikuwa tayari katika vinywa vya watumishi wa Kaisari, na malaika anayachukua na kuyaweka juu ya mtoto aliyelala horini. Msomaji wa wakati ule alitambua mara moja kinachofanyika.

Na amani ya Kaisari ilikuwa ya namna gani? Mwaka wa 71 kabla ya Kristo, watumwa walioasi pamoja na Spartacus walipokwisha kushindwa, watu 6,000 walisulubiwa kando ya barabara iendayo Rumi kutoka Capua. Msalaba haukuwa pambo la kuvaa shingoni. Ulikuwa tangazo la serikali kando ya njia, ili kila mpita njia aone na kunyamaza. Yesu alikufa kwa adhabu hiyo, na juu ya kichwa chake waliandika shitaka kwa lugha 3 kwamba yeye ni mfalme (Yohana 19:19-20). Mungu alipomfufua siku ya tatu, alifuta hukumu ya mahakama ya Rumi. Ndiyo sababu huko Thesalonike watu walipiga kelele kwamba Paulo na Sila wanaupindua ulimwengu na kutangaza mfalme mwingine, Yesu (Matendo 17:6-7).

Sura mbili za 13

Hapa ndugu mmoja atauliza: je, Warumi 13 haisemi tutii wenye mamlaka? Inasema hivyo, nasi hatuifuti. Lakini katika Agano Jipya kuna sura mbili za 13 zinazosema juu ya utawala, na mwenye kuhubiri moja bila nyingine amehubiri nusu.

Katika Warumi 13, Paulo anawaandikia waamini wanaoishi katika mji wa Kaisari mwenyewe. Anawaambia walipe kodi na kutoa heshima. Lakini angalieni anavyomwita mtawala katika mstari wa 4. Anamwita mtumishi wa Mungu. Neno la Kigiriki ni lile analolitumia kwa Fibi, dada wa kanisa la Kenkrea, katika sura ya 16. Mahekalu ya Asia yalimwita Kaisari mungu, Paulo anamwita shemasi. Na shemasi anapewa kazi, anapimwa kwa kazi hiyo, na siku moja anatoa hesabu. Tena Paulo mwenyewe alijua mipaka ya utii. Huko Dameski alitoroka mikononi mwa liwali akiwa ndani ya kapu lililoshushwa ukutani (2 Wakorintho 11:32-33).

Katika Ufunuo 13, mtumishi yule ameacha kuwa mtumishi. Amekuwa mnyama anayedai kuabudiwa, na asiyempigia magoti hawezi kununua wala kuuza. Yohana aliyaona hayo akiwa Patmo, kisiwani, kwa ajili ya neno la Mungu. Moja ya makanisa aliyoyaandikia lilikuwa Pergamo, na anasema pale ndipo kilipo kiti cha enzi cha Shetani (Ufunuo 2:13). Pergamo ulikuwa mji ulioruhusiwa kujenga hekalu la Augusto mwaka wa 29 kabla ya Kristo.

Kwa hiyo mwamini wa kwanza alijua yuko wapi. Mtawala akiwa mtumishi, tunalipa, tunaheshimu, tunaomba kwa ajili yake. Akidai kuwa mungu, tunasimama.

Orodha ya mizigo

Ufunuo 18 inaeleza kuanguka kwa Babeli, na msomaji yeyote wa wakati ule alijua mji uliokaa juu ya milima 7 ni upi. Yohana hasemi tu juu ya ibada za uongo. Anaorodhesha bidhaa, kama karani wa bandarini: dhahabu, fedha, vito, vitambaa vya thamani, pembe za ndovu, miti ya gharama, shaba, chuma, divai, ngano, farasi. Anaendelea hadi mwisho wa orodha, na pale mwisho anaandika miili na roho za wanadamu (Ufunuo 18:12-13).

Sisi watu wa Kongo hatuhitaji mwalimu wa kutueleza orodha hiyo. Babu zetu walibeba pembe za ndovu kichwani. Walikatwa mikono kwa ajili ya mpira katika miaka ya Leopold, kuanzia 1885 hadi 1908, wakati serikali ile iliitwa Bula Matari. Na leo mawe yanayotoka katika ardhi yetu yanasafiri mbali, huku mtoto aliyeyachimba akilala njaa. Roho Mtakatifu alimwonyesha Yohana kwamba katika biashara ya namna hiyo, kitu cha mwisho kuuzwa ni mtu mwenyewe. Na sauti kutoka mbinguni inawaambia watu wa Mungu watoke, wasishiriki dhambi zake (mstari wa 4).

Liwali na watumwa wawili

Karibu mwaka wa 112, Plinius alikuwa liwali wa Bithinia na Ponto, majimbo yale Petro aliyoyataja mwanzoni mwa waraka wake wa kwanza. Alimwandikia Kaisari Trajanus kuomba shauri, na barua yake ipo hadi leo. Anaeleza alivyofanya: alimwuliza kila mshitakiwa mara 3 kama ni Mkristo. Aliyekubali hadi mwisho aliuawa. Aliyekana aliletwa mbele ya sanamu ya Kaisari, akatoa ubani na divai, akamlaani Kristo, akaachiliwa.

Alitaka pia kujua wanafanya nini katika mikutano yao. Alikuta wanakutana kabla ya mapambazuko, wanamwimbia Kristo kama Mungu, wanaapa kutoiba, kutozini, kutovunja ahadi, na baadaye wanakula chakula cha kawaida pamoja. Ili kupata hakika zaidi, aliwatesa wanawake wawili watumwa, ambao kanisa liliwaita wahudumu. Simameni hapo kidogo. Katika sheria ya Rumi, mtumwa alikuwa mali ya bwana wake. Katika kanisa, watumwa wawili wanawake walikuwa viongozi wenye heshima. Meza ile ya chakula cha kawaida ilikuwa imekwisha kuupindua ulimwengu, bila upanga hata mmoja.

Na tusisahau hilo la upanga. Wayahudi wengine walishika silaha dhidi ya Rumi mwaka wa 66, na mwaka wa 70 Yerusalemu uliteketezwa. Wanafunzi wa Yesu walikumbuka kwamba alimwambia Petro arudishe upanga mahali pake. Walikataa kumwabudu Kaisari, na walikataa pia kuua kama Kaisari.

Chembe moja tu

Karibu mwaka wa 155, huko Smirna, mzee Polycarpus, mwangalizi wa kanisa, alikamatwa. Njiani mkuu wa askari alimpandisha katika gari lake la farasi na kumshawishi kwa upole. Kuna ubaya gani, alimwuliza, kusema kwamba Kaisari ni Bwana, kuchoma ubani kidogo, na kuokoa maisha? Mzee alikataa. Mbele ya liwali alijibu kwamba amemtumikia Kristo miaka 86 wala hakutendewa ubaya naye, basi atamtukanaje Mfalme wake? Wakamchoma moto.

Afrika pia ina mashahidi wake. Tarehe 17 Julai 180, huko Carthage, katika nchi ya Tunisia ya leo, Wakristo 12 kutoka mji mdogo wa Scilli walisimama mbele ya liwali Saturninus. Wanaume walikuwa 7, wanawake 5. Msemaji wao, Speratus, alieleza kwamba hajaiba, na kwamba analipa kodi kwa kila anachonunua, lakini hautambui ufalme wa dunia hii. Dada mmoja, Donata, alisema kwamba Kaisari anastahili heshima kama Kaisari, lakini hofu ni ya Mungu. Liwali aliwapa siku 30 wafikiri. Hawakuzitaka. Aliuliza wana nini ndani ya sanduku lao. Wakajibu kwamba ni vitabu, na barua za Paulo.

Tazameni, wapendwa! Watu waliokufa kwa kukataa kumwabudu Kaisari walikuwa wamebeba barua za mtu yuleyule aliyeandika Warumi 13. Hawakuona mgongano. Walilipa kodi yote, na hawakutoa ubani hata chembe.

Miaka 23 baadaye, Machi 203, katika mji uleule, Perpetua na Felicitas waliuawa uwanjani pamoja. Perpetua alikuwa mwanamke wa ukoo mkubwa, wa umri wa miaka karibu 22, naye alikuwa ananyonyesha. Felicitas alikuwa mtumwa, na alizaa akiwa gerezani. Baba yake Perpetua alimsihi atoe sadaka kwa ajili ya Kaisari, amhurumie mtoto. Rumi iliwatenga bibi na mtumwa maisha yote, lakini Kristo aliwaunganisha hata katika kifo.

Karatasi ya Decius

Mwaka wa 250, Kaisari Decius aliamuru watu wote watoe sadaka kwa miungu mbele ya kamati ya serikali. Aliyetoa alipewa karatasi yenye sahihi kuthibitisha kwamba amemwaga divai na kuonja nyama ya sadaka. Zaidi ya karatasi 40 za namna hiyo zimepatikana katika mchanga wa Misri. Mwenye karatasi alikuwa salama, kama mtu anayeonyesha jetoni kwenye bariera ili apite.

Waamini wengi walianguka. Wengine walitoa sadaka kweli. Wengine walitafuta njia ya katikati: walilipa pesa chini ya meza, wakapata karatasi bila kutoa sadaka. Walijiambia kwamba moyo wao bado ni wa Yesu, ni karatasi tu. Cyprianus, mwangalizi wa Carthage, alikuwa na kazi ngumu dhoruba ilipopita. Hakuwafungia mlango milele hao walioanguka, wala hakuwaingiza siku ileile kana kwamba hakuna lililotokea. Aliwataka watubu. Yeye mwenyewe alikatwa kichwa Septemba 258.

Mwaka wa 303 Kaisari Diocletianus alienda mbali zaidi. Aliamuru nyumba za ibada zibomolewe na Maandiko yachomwe. Rumi ilikuwa imeelewa kwamba nguvu ya watu hawa iko ndani ya Kitabu. Waliovitoa vitabu kwa askari waliitwa kwa Kilatini traditores, yaani waliokabidhi, na kutoka neno hilo Kifaransa kikapata traître, msaliti.

Siku Kaisari alipoingia kanisani

Mateso yale hayakuliua kanisa. Mwaka wa 313 Constantinus na mwenzake Licinius waliwapa Wakristo uhuru wa kuabudu. Tunamshukuru Mungu kwa uhuru huo, kwa sababu mama aliweza kulala bila kuogopa hodi ya usiku. Lakini mwaka wa 380 Theodosius aliifanya imani ya Kikristo kuwa dini ya dola. Na karibu mwaka wa 385, huko Trier, Kaisari mwenye jina la Kikristo alimuua Mkristo, Priscillianus, akishitakiwa na waangalizi wa kanisa. Mtumishi wa Mungu Martin wa Tours alipinga, lakini hawakumsikia. Miaka 70 hivi ilitosha: watu ambao babu zao walikataa ubani sasa walikuwa wakimpelekea Kaisari majina ya watu wa kuua.

Kwa hiyo tuseme wazi: Kaisari mwenye upanga aliwaua waamini wengi, lakini Kaisari mwenye zawadi aliushika moyo wa kanisa.

Na hapa kwetu

Katika Kongo hii, April 1921, mkatekista aliyefundishwa katika misioni ya Wabaptisti, Simon Kimbangu, alianza kuhubiri na kuombea wagonjwa huko Nkamba. Aliwaambia watu waache hirizi na ndoa za wake wengi. Hakushika bunduki. Lakini makundi ya watu yalimfuata, na serikali ya Wabeleji iliogopa. Tarehe 3 Oktoba 1921, mahakama ya kijeshi huko Thysville ilimhukumu fimbo 120 na kifo. Mfalme Albert aligeuza hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Kimbangu alikufa mfungwa huko Elisabethville, Lubumbashi ya leo, tarehe 12 Oktoba 1951, baada ya miaka 30. Hatushiriki kila fundisho lililokuja baadaye juu ya jina lake. Lakini mambo hayo ni historia, nayo yanatufundisha kwamba Bula Matari pia iliyaelewa mahubiri haya namna Rumi ilivyoyaelewa.

Leo hakuna anayetuambia tuchome ubani mbele ya sanamu. Chembe imebadilika umbo. Majira ya kampeni yanafika, mheshimiwa anaingia katikati ya ibada, anapewa kiti cha mbele na mikrofoni, bahasha inapita, na pasta anatangaza kwamba huyu ndiye aliyepakwa mafuta na Bwana. Hiyo ni chembe. Kijana anaambiwa aingie porini kutetea kabila, na anatafuta mtumishi wa kumwombea kabla ya kwenda kuua jirani. Mwenye kumwekea mikono ametoa chembe. Mfanyabiashara analeta fungu la kumi nono kutoka chimbo ambamo watoto wanakufa, na hakuna anayeuliza, maana paa la kanisa linahitaji mabati. Hiyo nayo ni chembe.

Kuomba kwa ajili ya wenye mamlaka ni amri (1 Timotheo 2:1-2), nasi tutaendelea kuomba kwa ajili yao, kila Jumapili, hata wale wanaotutesa. Kumwombea mtawala ni kukiri kwamba yuko Mmoja juu yake. Kumsujudia ni kumwambia kwamba hakuna.

Mtu wa Mungu, hujui siku yako itafika lini. Pengine haitakuwa mbele ya liwali. Itakuwa ofisini, mtu akikuambia weka sahihi tu. Itakuwa sokoni, au kwenye bariera, au katika baraza la wazee wa kanisa. Sauti itakuwa ya upole kama ile iliyomshawishi Polycarpus garini: kuna ubaya gani? Dada Donata alikuwa na jibu tayari, kwa sababu alilijifunza katika mikutano ya alfajiri na katika barua zilizokuwa sandukuni. Jibu hilo linajengwa leo, nyumbani, mezani, katika kusoma na kuomba.

Maulizo ya kuzungumza nyumbani

1. Warumi 13 na Ufunuo 13 zinasaidiana namna gani?
2. Katika kazi yako, chembe ya ubani ni kitu gani?
3. Ndugu aliyeanguka kwa hofu, kanisa letu linampokea namna gani?

Tuombe: Baba, tupe kulipa tunachodaiwa, kumheshimu kila mtu, na kukuogopa wewe peke yako. Wafungwa wako uwatie nguvu, na walioanguka uwainue. Katika jina la Yesu, aliye Bwana. Amina.